Upepo Uliowarudisha Pwani Ile Ile: Kisa cha Nahodha wa Oman na Mfalme wa Sofala



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuzituma pepo na Mwenye kuzituliza. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, katika somo letu la tarikh safari hii tumechagua kisa cha safari ya baharini iliyovurugwa na upepo ambao hakuna aliyeutazamia. Ni kisa cha miaka 1,100 iliyopita, na kinahusu pwani hii hii ya Afrika Mashariki.

Tumekichagua kwa sababu. Vijana wetu wanaosoma katika shule zenye wanafunzi wa dini mbalimbali hutujia mara kwa mara na swali moja zito: je, ni kweli kwamba Uislamu uliletwa Afrika na wauza watumwa? Wengine huulizwa swali hilo darasani kwa kejeli, nao hukosa la kujibu. Nyumbani wakiuliza, huambiwa wanyamaze. Sisi tunaona kwamba kunyamaza si jawabu. Mtoto asiyejibiwa nyumbani atajibiwa njiani, na huko njiani hatujui ataambiwa nini.

KITABU CHA MABAHARIA

Kisa chenyewe kimo katika kitabu cha Kiarabu kiitwacho Ajaib al-Hind, yaani Maajabu ya Bara Hindi, kinachonasibishwa na Buzurg ibn Shahriyar, nahodha wa Kiajemi wa karne ya 4 Hijria (karne ya 10 Miladia). Kitabu hicho ni mkusanyiko wa visa walivyosimuliana manahodha na mabaharia wa Siraf, Basra na Oman. Vimo visa vya kuaminika, na vimo vilivyotiwa chumvi nyingi. Kilichapishwa mjini Leiden, Uholanzi, kati ya mwaka 1883 na 1886, kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa, na baadaye kikafasiriwa kwa Kiingereza.

Anayesimulia kisa chetu ni nahodha mmoja aitwaye Ismailawayh. Zingatieni jambo hili tangu mwanzo: msimulizi ndiye mkosaji mwenyewe.

HESABU YA PEPO

Sisi tulio mbali na bahari, pande hizi za Ziwa Tanganyika, inatubidi kwanza tufahamu jinsi watu wale walivyosafiri. Jahazi halikuwa na mashine. Mashine yake ilikuwa ni tanga. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo utokao upande wa Arabuni na Bara Hindi, na huo ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi katika pwani ya Afrika Mashariki. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, na huo ndio uliokuwa ukiyarudisha makwao. Nahodha aliyechelewa msimu alikaa ugenini miezi mingi akingoja upepo ugeuke. Kwa hiyo biashara, madeni, barua na hata ndoa za watu wa pwani zilikwenda kwa hesabu ya pepo.

Mwaka 310 H (922 M) Ismailawayh aling'oa nanga Oman kwenda Qanbalu. Watafiti wengi wanaona kwamba Qanbalu ilikuwa katika kisiwa cha Pemba. Miaka sita tu kabla yake, yaani mwaka 304 H, mwanahistoria mashuhuri Al-Mas'udi alisafiri kutoka Qanbalu hadi Oman. Aliandika kwamba kisiwani humo walikuwako Waislamu. Akasema pia kwamba amepanda bahari nyingi, lakini hakuona yenye hatari kuliko bahari ya Zanj (hilo ndilo jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani hii), kwani mawimbi yake yaliinuka kama milima. Wenye jahazi alilosafiri nalo baadaye walizama nalo pamoja na watu wao wote.

Hesabu ya pepo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na mwisho wake. Kadiri jahazi linavyokwenda kusini, na hasa baada ya Rasi Delgado, kaskazi hupungua nguvu wala haitegemeki tena. Isitoshe, miezi ile ile ambayo kaskazi huwaleta wasafiri ndiyo miezi ya vimbunga katika bahari ya Msumbiji na Madagaska, kuanzia Novemba hadi Aprili. Pemba na Unguja ziko karibu na ikweta, na kwa kawaida vimbunga haviwafikii. Ndiyo maana kile kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu, kiliwashangaza hata wazee. Lakini pwani ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, inavijua vimbunga vizuri. Kimbunga Idai cha Machi 2019 kilipiga huko huko, karibu na mji wa Beira, na watu zaidi ya 600 wakafariki nchini Msumbiji peke yake. Tunawaombea rehma ya Allah.

SAFARI YA KWANZA

Basi Ismailawayh anasema kwamba walipokuwa wakielekea Qanbalu, upepo mkali uliwachukua, ukawapitisha walikokusudia na kuwatupa Sofala. Kutoka Pemba hadi Sofala ni zaidi ya kilomita 1,500. Walipoitambua pwani walikata tamaa ya maisha, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba watu wa huko hula watu. Wakatia udhu, wakamuelekea Mola wao kwa nyoyo zao zote, wakaagana na kusomeana dua ya wafu hali ya kuwa bado wako hai.

Mitumbwi ikalizunguka jahazi, wakaongozwa hadi bandarini, kisha wakapelekwa kwa mfalme. Alikuwa kijana, mzuri wa sura na wa umbo. Akawauliza wanakwenda wapi. Wakamjibu kwa uongo kwamba walikusudia kuja kwake. Mfalme akawaambia wazi kwamba wanasema uongo, hawakukusudia nchi yake, ni upepo tu uliowaleta. Wakakiri. Akawapa amani, akawaruhusu kushusha bidhaa zao wauze na wanunue bila ya hofu.

Wakakaa miezi kadhaa. Hawakutozwa ushuru wala hawakuzuiwa jambo. Kila walipompa mfalme zawadi aliwalipa kwa zawadi iliyolingana nayo au iliyozidi. Biashara yao ilikuwa nzuri mno. Ulipofika wakati wa kuondoka, mfalme aliwasindikiza hadi pwani, akapanda jahazini pamoja na watu wake saba ili awaage kama mwenyeji mwema anavyomuaga mgeni.

Hapo ndipo shetani alipomjia nahodha na kalamu ya hesabu. Akajisemea moyoni: katika mnada wa Oman, kijana huyu hakosi dinari 30. Wenzake saba ni dinari 160. Nguo zao ni dinari 20. Jumla yake inafika dirham 3,000, na hakuna taabu yoyote. Akaamuru tanga litwekwe na nanga ing'olewe. Mfalme alipoona jahazi linaondoka alitaka kushuka katika mtumbwi wake. Mabaharia wakazikata kamba za mitumbwi, wakamwambia kwa dhihaka kwamba watampeleka kwao wakamlipe wema wake.

Mfalme akawakumbusha kwamba aliwalinda walipokuwa hawana pa kukimbilia, hakuwataka chochote, na kwamba amepanda jahazini kwa ajili ya heshima yao tu. Akawaomba wamtendee haki. Hawakumsikiliza. Kulipokucha wakamtia pamoja na watumwa wengine waliokuwamo jahazini, wapatao 200. Tangu hapo hakuwasemesha tena. Walipofika Oman wakamuuza.

SAFARI YA PILI

Ikapita miaka kadhaa. Ismailawayh akasafiri tena kutoka Oman kwenda Qanbalu. Upepo ukawachukua mara ya pili, ukawafikisha mahali pale pale. Mitumbwi ikawazunguka, na watu wakawatambua. Safari hii, anasema, hawakuwa na shaka ya kufa. Wakatia udhu kimya kimya, wakaagana.

Walipoingizwa mbele ya mfalme walipigwa na butwaa. Aliyeketi katika kiti cha enzi ni yule yule waliyemuuza. Wakaanguka chini, wasiweze kuinua vichwa. Mfalme akawasalimu kama marafiki wa zamani, akawaambia wainuke, amewapa amani. Baadhi yao walishindwa kumtazama usoni kwa haya. Akawalaumu kwa khiyana yao, kisha akawaruhusu wauze na wanunue kama mara ya kwanza.

Wakamletea zawadi ya thamani kubwa. Akaikataa. Akasema hawana hadhi ya yeye kupokea zawadi yao, wala hatachafua mali yake kwa kitu kitokacho kwao.

Nahodha akamuuliza alirudi vipi. Mfalme akawaeleza. Aliyemnunua Oman alimpeleka Basra, na huko alijifunza swala, saumu na sehemu ya Qur'ani. Tukumbuke kwamba Basra ile ndiyo iliyoshuhudia uasi mkubwa wa Zanj, watumwa waliopigana na dola ya Bani Abbas kuanzia mwaka 869 hadi 883 M; vita vile vilikuwa vimekwisha kwa kiasi cha miaka 40 tu. Kisha akauzwa kwa bwana mwingine, akapelekwa Baghdad. Huko alijua kusema Kiarabu sawasawa, akakamilisha kujifunza Qur'ani, akawa akiswali misikitini pamoja na watu. Alimuona hata Khalifa Al-Muqtadir, ambaye tunajua alitawala kuanzia mwaka 908 hadi 932 M.

Siku moja akaona msafara wa mahujaji kutoka Khorasan. Akataka kwenda nao, bwana wake akakataa, naye akatoroka akafuatana nao. Akawatumikia njiani, wakampa chakula na nguo mbili za ihramu, akahiji. Akaogopa kurudi Baghdad, akaandamana na msafara mwingine hadi Misri. Alipouona mto Nile akauliza unatoka wapi. Wakamwambia unatoka nchi za Zanj. Akaufuata mto, mji kwa mji, akiomba sadaka. Akakamatwa, akafungwa, akabebeshwa mizigo, akatoroka. Akakamatwa tena, akauzwa, akatoroka tena. Mwisho akafika kwao usiku kwa kujificha, akiamini kwamba bila shaka kiti chake kimekaliwa na mwingine atakayemuua.

Akamuuliza bibi kizee mmoja, bila ya kujitambulisha, mfalme wa nchi hii ni nani. Bibi akamjibu kwamba hawana mfalme ila Mungu. Akamsimulia jinsi mfalme wao alivyoibiwa, na kwamba watu walikubaliana wasimweke mwingine mpaka wapate habari zake kwa yakini. Asubuhi akaingia nyumbani kwake, akawakuta watu wake wangali katika majonzi. Akawaeleza yaliyompata na akawafundisha dini aliyorudi nayo, nao wakasilimu. Ilikuwa mwezi mmoja tu kabla ya upepo kuwaleta tena wale waliomuuza.

Akawaambia kwamba amewasamehe kwa sababu wao ndio walikuwa sababu ya yeye kuijua dini ya haki. Lililokuwa likimsumbua ni moja: alimtoroka bwana wake wa Baghdad, naye alitoa pesa zake. Lau angempata mtu mwaminifu angemkabidhi mara kumi ya thamani ile ampelekee. Lakini hao walio mbele yake ni wasaliti, hawakabidhiki. Akawaruhusu kuondoka, akawaambia wawajulishe Waislamu kwamba wakija kwake watapokewa kama ndugu. Ama kuwasindikiza hadi jahazini, akasema, hapo anayo sababu ya kutofanya hivyo.

JE, KISA HIKI NI CHA KWELI?

Mwanafunzi wa tarikh hana budi kuuliza. Mwaka, njia ya Oman na Qanbalu, jina la Khalifa, soko la watumwa la Oman na la Basra: yote haya yanaafikiana na tunayoyajua kutoka kwingineko. Lakini kisa kimesukwa vizuri mno, upepo kuwarudisha watu wale wale mbele ya mfalme yule yule kunafanana na visa vya mawaidha, na msomaji hakosi kumkumbuka Nabii Yusuf (A.S.), aliyeuzwa na ndugu zake kisha wakaja mbele yake akawasamehe. Tukumbuke pia kwamba maneno ya mfalme yametufikia kupitia mdomo wa aliyemteka. Kwa hiyo hatuapi kwamba kila neno lilitokea hivyo. Tunachoweza kusema kwa yakini ni kwamba Waislamu wa karne ile walikisimulia kisa hiki, wakakiandika, na ndani yake wakamfanya mtu mweusi aliyeuzwa kuwa ndiye Muislamu bora, na nahodha wao kuwa msaliti. Wenyewe walijua kwamba lile lilikuwa ovu.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Dhoruba hufichua, lakini haibadilishi mtu. Katika Surat Yunus, aya ya 22 na 23, Allah (S.W.) anatueleza habari za watu waliomo jahazini wakifurahia upepo mzuri, kisha ikawajia dhoruba na mawimbi kutoka kila upande, wakamuomba Yeye peke yake kwa ikhlasi na wakaahidi kushukuru. Anapowaokoa, mara wanafanya dhulma katika ardhi. Tazameni, mabaharia wale walitia udhu mbele ya kifo. Miezi michache baadaye, bahari ikiwa shwari na faida ikiwa mkononi, waliuza mtu aliyewaokoa. Ibada ya hofu peke yake haitoshi. Mtihani wao haukuwa ule wa baharini. Ulikuwa ule wa bandarini.

2. Tuchunguze tunayoyasikia kuhusu watu wengine. Waliogopa kuliwa na watu wa Sofala. Wakapewa amani, soko na zawadi. Aliyemmeza mwenzake katika kisa hiki ni yule aliyekuwa na hofu ya kuliwa.

3. Kumuuza mtu huru ni dhambi kubwa. Katika Hadithi al-Qudsi iliyopokewa na Imam Bukhari, Allah (S.W.) amewataja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akavunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemtumia kibarua kisha asimlipe ujira wake. Nahodha yule alikusanya mawili kwa siku moja.

4. Kusamehe si kusahau. Mfalme alisamehe, akafungua soko lake na kuwakaribisha Waislamu wote. Lakini zawadi hakuipokea, amana hakuwapa, na jahazini hakupanda tena. Wazazi, wafundisheni watoto hivi: moyo uwe safi, na macho yawe wazi.

JAWABU LETU KWA VIJANA

Sasa turudi kwenye swali la darasani. Katika nchi zetu hizi za bara, misafara ya karne ya 19 ilitoka Unguja ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa hadi Manyema. Ndani ya misafara hiyo walikuwamo Waislamu, na ndani yake walikuwamo pia watu waliofungwa minyororo. Hilo hatulifichi. Babu zetu wengine walikuwa upande wa wenye misafara, wengine walikuwa upande wa minyororo, na wajukuu wao leo wanaswali safu moja.

Mwenzako akikuuliza, kijana wetu, usikasirike na wala usikanushe lililotokea. Mwambie kwamba waliofanya dhulma walifanya dhulma, na kwamba dini yao wenyewe imewahukumu. Kisha msimulie mfalme wa Sofala. Yeye alikuwa na sababu kuliko mtu yeyote ya kuichukia dini ya waliomuiba. Lakini aliipima dini kwa yaliyomo ndani yake, akaichukua ikawa yake, akairudisha kwao kwa miguu yake. Wala hakusema kwa ajili hiyo kwamba waliomuiba walifanya vizuri. Aliwaita wasaliti mpaka siku ya mwisho.

Tunawaomba wazazi mkisome kisa hiki pamoja na watoto, kisha muwaulize swali hili: ungekuwa wewe ni baharia wa kawaida katika jahazi lile, nahodha ameamuru, kamba za mitumbwi zinakatwa, na hakuna anayesema kitu, wewe ungefanya nini? Wapeni watoto nafasi ya kujibu, kwani wakiwa wakubwa nao watakuta biashara zenye faida ya haramu na mabosi wenye amri kama ile.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu wa baharini, ziwani na barabarani, atupe uaminifu wakati wa shida na wakati wa raha, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokabidhiwa wakatimiza. Aamin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.